Kopo Lililokuja kwa Jina la Mjomba

Mkitaka kumtoboa mtu kidole, msimtazame usoni. Tazameni kidole. Ukimtazama usoni ataiona huruma yako, na akishaiona atavuta mkono, na sindano itakuchoma wewe. Mimi nilijichoma mara nyingi kabla ya kulijua hilo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha. Ninyi nawaona mnajifunza mmekaa juu ya viti, mna vitabu, mna makoti meupe, na mwalimu anarudia jambo lilelile mpaka mwelewe. Nisiwafiche, wanangu: nawaonea wivu. Wivu ni maradhi yangu ya pili. La kwanza ni hili rovu lililonivimba shingoni, ambalo nyote mna adabu ya kutoliuliza, basi nitalieleza bila ya kuulizwa.

Jina langu ni Athumani. Nilifanya kazi katika hospitali ya Wadachi hapa Morogoro, siku zile watu walipokuwa wakitoka milimani kuja kulitazama garimoshi na kurudi kwao kusimulia. Kazi yangu ilikuwa kutoboa vidole vya wagonjwa, kupaka damu yao juu ya vipande vya kioo, na kuviosha vile vioo baada ya Dakitari kuvitazama kwa darubini yake, akitafuta wadudu wa homa.

Kuosha kioo si jambo dogo. Kwanza majivu yaliyochekechwa, kisha sabuni, kisha maji mengi, kisha spiriti, halafu unafuta kwa kitambaa cha zamani kilichofuliwa mpaka hakitoi nyuzi. Unakishika kwa kingo. Ukikigusa katikati kidole chako kinaacha mafuta, na damu haitatandazika, itakimbiakimbia. Kutoboa nako kuna adabu yake. Chagua kidole cha pete, toboa ubavuni, si kwenye ncha, maana ncha ndiyo mtu anayofinyangia tonge. Mkono ukiwa wa baridi, uoshe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Tone la kwanza lifute. La pili ndilo la kutumia.

Kilichonipata mimi kilianza kwa nzi. Siku moja nilipaka vioo vitano, nikaviweka dirishani vikauke, nikaenda kula. Niliporudi, viwili vilikuwa vyeupe kabisa. Nzi walikuwa wameilamba damu yote, na wagonjwa wenyewe walikwisha kushika njia ya Mgeta. Nikafanya ambavyo mwoga yeyote angefanya. Nikajitoboa mwenyewe, nikapaka damu yangu kwenye vioo vyote viwili, nikakaa kimya.

Dakitari tuliyekuwa naye wakati ule alikuwa mtu mzima, mpole kwa kadiri Mdachi wa siku zile alivyoweza kuwa mpole. Aliinama kwenye darubini kwa muda mrefu, akabadilisha kioo, akakirudisha cha kwanza. Akaniita.

"Athumani, watu hawa wawili ni pacha?"

"Sijui, Bwana."

"Hawana mdudu hata mmoja. Lakini chembe za damu yao ni kubwa kupita kiasi, na zimepauka. Zote sawasawa. Wanakula chungu kimoja?"

Kwenye meza ya pembeni alikaa Mohamedi, mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika majina ya wagonjwa katika daftari. Mohamedi alinitazama, akakitazama kidole changu kilichofungwa pamba, akainamisha uso kwenye daftari mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ilinibidi niseme mwenyewe kwamba ile ni damu yangu. Dakitari alinizaba kofi moja, kisha mkono uleule ukashuka ukanishika shingo, ukalipapasa rovu langu taratibu, juu, chini na pembeni. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyekuwa amelishika kama mtu anayeuliza kitu.

Lazima mwelewe kwamba kwetu, huko juu ya Matombo, rovu halikuwa maradhi. Lilikuwa shingo tu. Wanawake walilivalisha shanga. Mimi nilikuwa nalo tangu ujana, na pamoja nalo nilikuwa na mambo mengine ambayo sikuyahusisha nalo: baridi iliyonikaa mifupani hata jua likiwaka, uso uliovimba asubuhi, sauti nzito, na usingizi ulionifuata mpaka kazini. Watu waliniita mvivu. Mjomba wangu Kibiki, aliyekuwa mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa na rovu kubwa kuliko langu na usingizi kuliko wangu, lakini yeye hakuna aliyemwita mvivu. Mjomba akichelewa kujibu, watu walisema anapima maneno. Mimi nikichelewa kujibu, walisema nimelala.

Baada ya kisa cha nzi Dakitari akaanza kuipima damu yangu kila mwezi. Alikuwa na kijitabu chenye miraba kumi ya rangi nyekundu, kuanzia iliyopauka kama maji ya kuoshea nyama mpaka iliyokolea kabisa. Unaweka tone la damu kwenye kipande cha karatasi nyeupe ya kunyonya, unalilinganisha na ile miraba dirishani, mchana, kabla halijakauka. Usilinganishe chini ya mti, kwa maana majani huiharibu rangi. Mtu mwenye afya hukaa mraba wa tisa au wa kumi. Mimi nilikaa wa tano.

Dakitari akanipa kwinini. Mraba wa tano. Akanipa vidonge vya chuma, vikanifunga choo. Mraba wa tano. Akavitazama vioo vya damu yangu mpaka macho yakamwaga machozi, hakuona mdudu. Na mimi, wanangu, nikaanza kuionea wivu damu ya kila mtu niliyemtoboa. Alikuja mpagazi anatetemeka kwa homa, amelala chini anaugua, na damu yake ilipotoka nyekundu ile, nilitamani tubadilishane. Mwenye wadudu anaambiwa una wadudu, meza dawa hii, nenda. Amepata jibu lake. Mimi niliyefanya kazi ya kuwatafutia watu majibu, langu sikulipata.

Na wa kwanza niliyemwonea wivu alikuwa Mohamedi. Alikuwa mdogo wangu, nilimbeba mgongoni mwangu kwenda mtoni. Yeye alipelekwa shule ya serikali akajua kuandika, mimi nikabaki na majivu na sabuni. Shingo yake ilikuwa nyembamba na laini. Alipanda mlima akiimba. Siku moja Dakitari alimpima kwa mchezo tu, akatoka mraba wa kumi, akapigwapigwa bega. Nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali nikakaa huko mpaka hasira iliposhuka.

Mwisho Dakitari akafikia neno lake. Akaniambia ugonjwa wangu hauko ndani ya damu, damu inapeleka habari tu, unatoka shingoni. Akaniagiza nimlete mjomba. Mjomba akateremka kutoka Matombo kwa siku mbili, akipumzika kila kwenye kivuli, tukasimama sote wawili mbele ya Dakitari, shingo kwa shingo. Mohamedi hakuwapo. Alikuwa safarini na dakitari mwingine, wanachanja watu ndui, na shikeni neno hilo, maana lote lililofuata linatokana nalo.

"Ulaya kuna dawa," Dakitari alisema. "Inatengenezwa kwa tezi ya kondoo. Nitaagiza kopo moja."

"Kondoo, Bwana?" mjomba akauliza. "Si yule mwingine?"

"Kondoo, mzee. Nakuapia."

"Basi haina neno."

Dakitari akasema kopo la kwanza litakuwa la mzee, tuone linafanya nini, kisha ataagiza la kwangu. Akatuonya pia. Dawa hii ina nguvu. Mtu akiizidisha, au akiila ilhali hana ugonjwa huu, moyo utamwenda mbio, mikono itatetemeka, nyama zitamwisha. Aliyasema hayo polepole, mara mbili, ili mjomba ayashike. Mimi niliyashika mara ya kwanza.

Meli ni meli, haiji kwa haraka ya mtu. Kabla kopo halijafika mjomba alishikwa na kichomi wakati wa mvua, akafa. Haukupita muda mrefu, Dakitari wetu naye akarudi kwao, akaletwa mwingine, kijana, mjuzi wa homa, ambaye hakutujua.

Sasa niwaeleze wale miongoni mwenu ambao si Waluguru. Kwetu mkubwa wa ukoo akifa, jina lake halizikwi. Anachaguliwa mmoja wa watoto wa dada zake, anavikwa jina lile, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mtu yule. Mali ya jina ni yake, madeni na heshima ni vyake. Wajukuu wa marehemu wanakuwa wajukuu zake. Na sisi tuliokuwa tukimwita marehemu mjomba, tunamwita yeye mjomba.

Katika watoto wa dada zake, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikwenda msibani nimenunua kanzu mpya, kwa kuwa sikuwa na shaka. Mzee Salumu, aliyekuwa msemaji wa ukoo, akasimama akasema jina la Kibiki linahitaji mtu mwenye nguvu, na Athumani damu yake haina nguvu, hata Mdachi ameipima akaona hivyo. Habari ile ya mraba wa tano nilikuwa nimeisimulia mwenyewe nyumbani, nikidhani naonewa huruma. Nilimtazama mama yangu mzazi. Mama akatazama chini. Wakamvika Mohamedi.

Kesho yake asubuhi nilimkuta anapiga mswaki nje, na wazee wamekaa wanatutazama. Sikuwa na njia.

"Shikamoo, mjomba," nikamwambia yule niliyembeba mgongoni.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ndogo, na aibu ikamjaa usoni. Tulipokuwa peke yetu akaniomba, "Kaka, tukiwa wawili niite Mohamedi." Nilikataa kwa ukaidi. Nikaendelea kumwita mjomba hata tulipokuwa wawili, ili aumie.

Aliporudi kazini alijiandikisha upya katika daftari kwa jina la Kibiki, kama ilivyompasa. Na haukupita mwezi, makasha ya dawa yakafika kwa garimoshi. Dakitari kijana alisimama uani akifungua na kusoma yaliyoandikwa. Kopo moja lilikuwa na jina la mtu juu yake, kwa mwandiko wa Dakitari wa kwanza, pamoja na maneno kwamba ale kidonge kimoja kila siku. Hakuna zaidi.

"Kibiki!" akaita. "Nani Kibiki?"

Mohamedi akasimama. "Mimi, Bwana."

"Wewe ndiye Kibiki? Hakika?"

"Ndiye mimi."

Hakusema uongo. Kwa sheria yetu alikuwa ndiye, na kitu kilichokuja kwa jina lile kilikuwa chake, na kukikataa kungekuwa kumkataa mjomba kaburini. Alidhani ni dawa ya kutia nguvu, zawadi ambayo mjomba alijiagizia Ulaya. Alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na beseni la vioo, nikijua kilichomo, kilikusudiwa nani, na baada yake nani. Neno moja tu lingetosha. Lakini nikajisemea moyoni: umechukua jina, umechukua na shikamoo zangu, chukua na hili, ule, tuone.

Alilitunza kopo kwenye rafu ya chumba cha kazi, kwa sababu nyumbani watoto wangekula. Kidonge kimoja baada ya wiki kikawa viwili, kisha vitatu, kwa kuwa vilimpa uchangamfu na aliona haya kuwa mkubwa wa ukoo mwenye sura ya mvulana. Mwezi ulipokwisha ukanda wake uliongezwa tundu. Jasho lilimtoka akiwa amekaa. Macho yalimtoka kama mtu aliyeshtuliwa. Mikono ikaanza kutetemeka mpaka wino ukamwagika kwenye daftari, na akaniomba mimi, ambaye nilijua herufi chache tu, nimwandikie majina. Ningependa kuwaambia kwamba nilimhurumia. Niliandika majina yale kwa raha.

Dakitari kijana akaniagiza nimpime damu. Nikamtoboa. Hakuna mdudu. Karatasi ikatoka mraba wa tisa, karibu na wa kumi. Mtu amekonda, anatetemeka, moyo unampiga mpaka unauona kwenye kanzu, na damu yake bado nzuri kuliko yangu! Niliishika karatasi ile dirishani mpaka ikakauka mkononi.

"Unakula nini kipya?" Dakitari alimuuliza.

"Hakuna, Bwana. Ile dawa uliyonipa tu, kimoja kila siku." Hapo ndipo alipodanganya, kwa hofu ya kunyang'anywa. Dawa ile ilikuwa ngeni hata kwa madakitari wengi, na yule kijana alitikisa kichwa akampa kwinini. Nami nikanyamaza tena.

Siku chache baadaye mzee Salumu akateremka kutoka Matombo, akanikuta kwenye beseni langu la vioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo, anakusalimu. Nimekuja kwa habari ya huyu tuliyempa jina. Wewe ndiye unayemtoa damu. Damu yake inasemaje?"

"Haisemi kitu, mzee. Ni safi."

"Ehee! Basi ni lile tulilolihofu. Mjomba wenu amemkataa. Mtu aliyekubaliwa na jina hatetemeki hivi. Tutangoja mwezi uandame. Ukiandama naye yu katika hali hii, jina tunalivua kwake, tunakuvika wewe. Ulikuwa mkubwa, na haki ilikuwa yako."

Alipoondoka nilikaa chini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilihisi joto mwilini. Mpaka mwezi uandame zilibaki siku zipatazo ishirini. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa nimekwisha kukuzoea.

Nikalichukua lile kopo kwenye rafu, nikalitikisa. Vilibaki karibu nusu. Nikapiga hesabu kwa vidole: vitatu kwa siku, siku ishirini, hakitabaki hata kimoja. Dakitari aliyejua amekwenda zake. Hakuna atakayeagiza kopo lingine. Nikinyamaza nitapata jina, na nitalivaa kwa shingo hii, kwa baridi hii, na mraba wa tano mpaka kaburini. Nikivichukua vidonge, Mohamedi atapona, na jina litabaki kwake. Nililiweka kopo chini, nikalishika tena. Jina au shingo.

Ilikuwa mchana, Dakitari amekwenda kula, na Mohamedi amelala kivulini moyo ukimwenda mbio. Katika kabati la dawa kulikuwa na vidonge vya tumbo, vya ukubwa uleule, ila vilikuwa vyeupe na vya Mohamedi vilikuwa vya kahawia. Nikaenda duka la Mhindi nikanunua mdalasini uliosagwa, nikavigaragaza humo mpaka vikashika rangi. Nikavijaza kwenye kopo, na vile vya Ulaya nikavifunga kwenye kitambaa changu cha kufutia vioo. Msinipe sifa nisiyostahili. Sikumwonea huruma hata wakati ule. Nilitaka tu kuwa na damu kama yake.

Nilikula kimoja kila siku, kimoja tu, kama nilivyosikia. Wiki ya pili baridi ikaanza kunitoka. Nilijikuta nimeamka kabla ya jogoo, sijui nifanye nini na asubuhi ndefu namna ile. Uso ukashuka. Kola ya kanzu ikalegea. Mohamedi naye akawa anatulia siku hata siku.

"Kaka," akaniambia, akifungua kopo, "siku hizi dawa hii inanukia vizuri."

"Labda imeiva," nikamjibu.

Mwezi ulipoandama mzee Salumu alimkuta ameketi mezani anaandika kwa mkono uliotulia. Habari zikapanda milimani kwamba mjomba amemkubali, kwamba alimjaribu tu. Wakachinja, wakapika, wakacheza siku mbili. Jina likakaza kwake kabisa. Niliona wivu mpaka chakula kikanishinda, na huku kitambaa chenye vidonge kimo mfukoni mwangu.

Sasa sikilizeni uongo unavyomla mwenyewe. Nilipojipima nilitoka mraba wa saba, kisha wa nane. Dakitari kijana alikuta daftari la zamani, akaona safu yangu ya mraba wa tano, mwezi baada ya mwezi, akaniita kwa shauku.

"Athumani, damu yako imebadilika! Kwa nini? Umekula nini?"

Laiti ningesema kweli. Angeliandika, angeagiza kopo la pili, la tatu, na labda nusu ya wenye marovu wa Uluguru wangepona. Lakini kweli ingenivua nguo mbele ya Mohamedi na ukoo mzima. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Maini, Bwana. Nakula maini."

Akaandika. Tangu siku hiyo kila aliyekuja damu imepauka aliambiwa akale maini, na wauza nyama wa sokoni wakapandisha bei. Na wapo waliopata nafuu, msiniulize ilikuwaje.

Vidonge vilipokwisha, rovu likarudi polepole. Baridi ikarudi. Karatasi ikapauka: wa saba, wa sita, wa tano. Dakitari akanihimiza kula maini zaidi, nami nikayala mpaka nikayachukia, kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Nilikuwa nimelipata jibu la damu yangu, lile nililolitafuta miaka yote, na nilikuwa mtu pekee asiyeweza kulitaja.

Mohamedi aliliona kabla ya wengine. "Kaka, shingo yako ilikuwa imepungua. Mimi nilisema moyoni mjomba ametuponya wote wawili. Mbona anakurudishia?" Akaomba ruhusa ya siku nne, akanunua mbuzi, akaniambia tunapanda Matombo kumwomba mjomba.

Moyo wake haukurudi kamwe kuwa ule wa zamani. Dawa ile ilimwachia hilo. Yule aliyekuwa akipanda mlima akiimba, sasa alipanda hatua kumi akasimama, ameshika kifua, akatabasamu ili nisipate wasiwasi, kisha akapanda hatua kumi nyingine. Nilikuwa nyuma yake na mbuzi. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, na mara tatu nikaufunga.

Tulipofika kaburini alimwaga pombe ya tambiko, akapiga magoti. Hakujua mimi niko karibu kiasi cha kusikia. Alidhani ninamfunga mbuzi.

"Mjomba," alisema, "mimi uliniponya, nami nashukuru. Huyu ni kaka yangu, alinibeba mgongoni. Anaumwa na hapati jibu. Kama ni hili jina ndilo linalomzuilia afya yake, kwa kuwa lilikuwa haki yake, basi lichukue kwangu umpe yeye. Mimi nitabaki Mohamedi, haina neno. Umponye tu."

Amekufa siku nyingi, na jina liko kwa mtu mwingine, na mimi ndiyo kwanza leo nalisema hili kwa watu. Ninyi mnaotafuta majibu katika damu za watu, mkilipata la mtu, mpeni siku hiyohiyo, hata kama mnamchukia. Mimi na Mohamedi tuliwekewa mizani moja, jina au shingo. Nilipopima mimi, nilijipima mwenyewe peke yangu, na yeye hakuwamo. Alipopima yeye, alinipima mimi. Nilisimama pale nimeshika kamba ya mbuzi, nikamwonea wivu kuliko nilivyopata kumwonea maisha yangu yote, kwa maana alichokuwa nacho safari hii hakikuwa kitu cha kuibika.